Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uharibifu wa Meli katika Michezo ya Mkakati ya Vita vya Baharini

Manowari yangu bado ina zaidi ya nusu ya pointi zake za uhai. Kwa nini haiwezi tena kupigana?

Kwa sababu pointi za uhai hupima jambo moja tu, nalo ni kiasi gani cha mapigo kimebaki kabla ya meli kuzama. Manowari hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huelea, husafiri na hupigana. Kila kazi ina viungo vyake, na viungo vya kazi moja vinaweza kuvunjika ilhali vya nyingine havijaguswa. Ubavu ukitoboka chini ya mstari wa maji, meli hupungukiwa na uwezo wa kuelea; boila au rafadha (propela) ikiharibika, hupoteza mwendo; na vyombo vya kupimia shabaha vikivunjwa, mizinga hubaki mizima lakini haijui pa kulenga.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa manowari ya Kijerumani Bismarck. Jioni ya tarehe 26 Mei 1941, topido, yaani bomu linalojiendesha chini ya maji, iliyodondoshwa na ndege ndogo ya mabawa mawili kutoka meli ya Kiingereza Ark Royal iliigonga karibu na usukani. Mizinga yake mikuu ilikuwa mizima, injini zake zilifanya kazi, na haikuwa katika hatari ya kuzama. Hata hivyo usukani ulikwama ukiwa umepinda, meli ikawa inazunguka bila kuweza kushika njia ya kwenda Ufaransa, na asubuhi iliyofuata manowari za Uingereza ziliifikia na kuiangamiza. Kama mchezo ungeonyesha hali ya Bismarck usiku ule kwa mstari wa rangi pekee, mchezaji angeona meli yenye afya njema. Ndiyo maana nashauri kila mchezaji ajizoeze kufungua orodha ya viungo vilivyoharibika kabla ya kutazama pointi, na ajiulize meli hii inaweza kufanya nini katika zamu ijayo.

Wazo la pointi za uhai lilitoka wapi?

Ni la zamani kuliko kompyuta. Katika chuo cha vita vya majini cha Marekani kilichoko Newport, Rhode Island, maofisa walicheza michezo ya vita sakafuni kwa meli ndogo za mfano, na katika miaka ya kati ya vita viwili vikuu uhai wa kila meli ulihesabiwa kwa idadi ya makombora ya mizinga ya inchi 14 ambayo ingeweza kuyastahimili. Makombora ya ukubwa mwingine yaligeuzwa kuwa sehemu ya kipimo hicho. Hesabu hiyo ilikuwa ya haraka, na waamuzi walihitaji haraka. Michezo ya leo imerithi kipimo hicho pamoja na upungufu wake, kisha mingi imeongeza juu yake mifumo ya maji, moto na viungo maalumu.

Nimeona kombora likigonga meli ya adui lakini hakuna uharibifu ulioandikwa. Je, mchezo una kasoro?

Mara nyingi hakuna kasoro. Kombora lililogonga linaweza kushindwa kwa njia tatu zilizo tofauti, na ni muhimu kujua ni ipi imetokea, maana kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni kuzuiwa na deraya, yaani mabamba ya chuma yanayoikinga meli. Uwezo wa kombora kupenya hutegemea uzito wake, kasi yake wakati linapogonga, na unene wa bamba lililo mbele yake. Kasi hupungua kadiri kombora linavyosafiri, kwa hiyo mzinga uleule unaotoboa ubavu kwa umbali mfupi unaweza kuuacha na mchubuko tu kwa umbali mrefu.

Njia ya pili ni kugonga kimshazari. Bamba lenye unene wa milimita 300 likigongwa moja kwa moja ni milimita 300. Likigongwa kwa pembe ya digrii 45, njia ambayo kombora linapaswa kupita ndani ya chuma inakuwa takriban milimita 424, na zaidi ya hapo kombora huelekea kuteleza na kuruka pembeni. Hii ndiyo sababu wachezaji wazoefu hugeuza omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, kidogo kuelekea kwa adui badala ya kumwonyesha ubavu wote. Gharama yake ni kwamba mizinga ya nyuma inaweza kuzibwa na majengo ya meli yenyewe, hivyo usigeuke kupita kiasi.

Njia ya tatu huwashangaza wageni: kombora kupenya kupita kiasi. Kombora la kutoboa deraya huwa na kiwashio kinachochelewa kidogo ili lilipuke likiwa ndani. Likigonga meli isiyo na deraya, linaweza kuingia ubavu mmoja na kutokea wa pili kabla ya kulipuka, likiacha matundu mawili tu. Jambo hili lilitokea kweli karibu na kisiwa cha Samar nchini Ufilipino tarehe 25 Oktoba 1944, pale manowari kubwa za Kijapani zilipozifyatulia meli ndogo za Marekani za kubeba ndege. Makombora kadhaa yalipita katika mabamba membamba bila kulipuka. Kwa hiyo ukikabiliana na meli nyepesi, badili aina ya makombora na utumie yale yanayolipuka mara yanapogusa. Kubadili huchukua muda katika michezo mingi, basi amua mapema.

Je, kuna umbali ambao meli yangu iko salama?

Kwa meli yenye deraya nene, upo, ingawa ni ukanda na si mstari. Kombora lililofyatuliwa kutoka karibu huruka karibu sambamba na uso wa bahari, hivyo hugonga ubavu likiwa na kasi kubwa. Lililotoka mbali hupanda juu sana kisha huanguka kwa mteremko mkali, hivyo hugonga sitaha, ambayo deraya yake kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya ubavuni. Tuseme ubavu wa meli yako hautobolewi na mizinga ya adui kuanzia kilomita 16 kwenda mbele, na sitaha yako haitobolewi mpaka kilomita 24. Kati ya kilomita 16 na 24 sehemu zako nyeti zina kinga nzuri, na hapo ndipo upiganie. Adui mwenye mizinga mikubwa zaidi huufanya ukanda huo kuwa mwembamba, na mwenye mizinga mikubwa sana huufuta kabisa. Kumbuka pia kwamba ukanda huu hulinda moyo wa meli, yaani injini na maghala ya baruti. Majengo ya juu ya meli, mabomba ya moshi na vyombo vya kulengea viko nje ya deraya, na huharibika kwa umbali wowote.

Kipi ni hatari zaidi, maji au moto?

Maji huzamisha, moto huua uwezo wa kupigana na wakati mwingine huisubiri meli hadi mchezaji amesahau. Vyote viwili vina sifa moja inayovitofautisha na pigo la kombora: huendelea kufanya kazi baada ya adui kunyamaza.

Kwa upande wa maji, tazama kiwango na si kiasi. Meli inayoingiza tani 60 kila zamu huku pampu zake zikitoa 40 inazama polepole, hata kama kwa sasa inaonekana imesimama wima. Ikipunguza mwendo, shinikizo la maji katika tundu la omo hupungua, na huenda tani 60 zikawa 35, na hapo pampu zikashinda. Wachezaji wengi hupoteza meli zilizojeruhiwa omo kwa sababu wanakimbia kwa kasi yote kutoka vitani. Maji yanasukumwa ndani kwa nguvu ya mwendo wao wenyewe, na kuta za ndani zinaachia moja baada ya nyingine.

Kwa upande wa moto, swali la msingi ni nini kilicho karibu nao. Moto kwenye sitaha tupu ni usumbufu. Moto karibu na mafuta, topido au ghala la baruti ni dharura inayostahili kila baharia uliye naye.

Kisa cha meli ya Kijapani ya kubeba ndege Taiho kinastahili kusimuliwa kwa sababu kinaunganisha haya yote. Tarehe 19 Juni 1944 iligongwa na topido moja tu ya nyambizi ya Kimarekani Albacore. Meli ilikuwa mpya, yenye deraya kwenye sitaha ya ndege, na iliendelea na safari yake. Lakini pigo lilikuwa limepasua matangi ya mafuta ya ndege, na mvuke wa mafuta ukaenea ndani kupitia mfumo wa kupitisha hewa, ambao mabaharia waliufungua wakitumaini kuusafisha. Saa kadhaa baadaye mvuke huo ulilipuka na meli ikapotea. Katika mchezo wowote unaohesabu uvujaji wa mafuta kama hali ya kudumu, ishughulikie kabla ya tundu lenyewe.

Kwa nini meli yangu ilipinduka wakati bado ilikuwa na uwezo wa kuelea?

Meli huzama kwa kukosa kuelea au kwa kukosa mizani, na la pili ni la ghafla zaidi. Mapigo yote yakiingia upande mmoja, maji hujaa upande huo, meli hulala, na matundu yaliyokuwa juu ya mstari wa maji hushuka chini yake. Kuanzia hapo kila digrii inaleta digrii nyingine.

Dawa ni kuingiza maji kwa makusudi katika vyumba vya upande wa pili ili meli isimame wima. Mchezaji anayeanza huona uchungu kufanya hivyo, maana anatumia akiba yake ya kuelea kununua mizani, lakini mara nyingi ni biashara yenye faida. Manowari ya Kijapani Musashi, tarehe 24 Oktoba 1944, ilistahimili takriban topido 19 na mabomu 17 kabla ya kuzama, na kujazwa maji kwa kusawazisha ni sehemu ya sababu iliyoifanya ibaki wima kwa muda mrefu vile.

Maji ya kuzimia moto nayo ni maji. Meli ya abiria ya Ufaransa Normandie, iliyokuwa ikigeuzwa kuwa meli ya kubeba askari huko New York, ilishika moto tarehe 9 Februari 1942. Wazima moto walimwaga maji mengi kwenye sitaha za juu, yakakusanyika huko, na meli ikalala ubavu bandarini bila adui yeyote kuigusa. Mchezo wako ukikuonya kwamba sitaha za juu zina maji, yaondoe kwanza.

Kwa nini topido moja hufanya madhara kuliko makombora kumi?

Kombora huingiza hewa na moto, topido huingiza bahari. Aidha, topido au bomu la kutegwa linalolipuka chini ya mkuku, yaani boriti kuu ya chini ya meli, bila hata kugusa, huinyanyua meli katikati kisha huiacha ianguke kwenye nafasi tupu iliyoachwa na mlipuko, na uti wa mgongo wake huvunjika. Manowari ya Marekani Samuel B. Roberts ilipata pigo la namna hiyo katika Ghuba ya Uajemi tarehe 14 Aprili 1988. Mkuku ulivunjika, na mabaharia wake waliiokoa kwa kuzima moto, kuzuia maji na kufunga nyaya za chuma kwenye sehemu zilizopasuka. Michezo mingi huiita hali hii kuvunjika kwa mkuku na huikataza meli kwenda kasi, nami naona kanuni hiyo ni ya haki.

Mlipuko wa ghala la baruti ni bahati mbaya tu?

Kwa sehemu ni bahati, ila bahati hiyo ina hesabu. Mchezo ukisema kila pigo linalopenya lina uwezekano wa asilimia 5 wa kulipua ghala, basi baada ya mapigo kumi uwezekano kwamba angalau moja litafanya hivyo ni takriban asilimia 40. Mchezaji anayekubali kupigwa mara kumi hawezi kusema ameonewa na dadu. Manowari Hood ya Uingereza ilipolipuka tarehe 24 Mei 1941, kati ya watu 1,418 waliokuwemo walinusurika watatu. Hasara ya aina hii haina ukarabati wala zamu ya pili, na mchezaji anapaswa kuihesabu kabla ya kukaribia.

Sehemu nyingine hutokana na jinsi meli inavyoendeshwa. Katika pambano la Jutland, tarehe 31 Mei 1916, Waingereza walipoteza Indefatigable, Queen Mary na Invincible kwa milipuko, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni baruti iliyorundikwa nje ya ghala na milango iliyoachwa wazi ili mizinga ifyatue haraka. Wajerumani walikuwa wameonjeshwa hatari hiyo mapema, Januari 1915, moto ulipoteketeza minara miwili ya mizinga ya nyuma ya manowari yao Seydlitz, na meli ikaokolewa kwa kufurika maghala kwa maji. Huko Jutland Seydlitz ileile ilipigwa makombora makubwa zaidi ya 20 na topido moja, ikabeba zaidi ya tani 5,000 za maji, na ikafika nyumbani. Mchezo ukikupa chaguo la kufyatua haraka kwa gharama ya usalama wa maghala, litumie tu pale ambapo zamu moja itaamua pambano. Na ukipata taarifa ya moto kwenye mnara wa mizinga, furika ghala lake bila kusita. Utapoteza mnara mmoja kwa muda.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Urudishe kabla ya jambo lingine lolote isipokuwa moto ulio karibu na baruti. Pampu, rada, usukani na minara ya mizinga vyote hutegemea umeme, kwa hiyo pigo moja kwenye jenereta huonekana kama mapigo sita mahali tofauti. Manowari ya Uingereza Prince of Wales, tarehe 10 Desemba 1941, ilipigwa na topido karibu na mhimili wa rafadha. Mhimili uliokuwa ukizunguka ukapasua kuta za ndani, maji yakaingia kwa wingi, na jenereta kadhaa zikazimika, hivyo pampu na mizinga mingi ya kupiga ndege ikakosa nguvu wakati ilipohitajika zaidi.

Niwapange vipi mabaharia wa kudhibiti uharibifu?

Michezo mingi hukupa vikundi vichache kuliko matatizo, na hilo ni sahihi. Mpangilio ninaoufuata ni huu: moto unaotishia baruti au mafuta, kisha umeme, kisha tundu linaloingiza maji kuliko pampu zinavyotoa, kisha usukani na injini, na mizinga mwishoni. Wengi hupinga kuweka mizinga mwishoni, nami nawaelewa, kwani meli isiyofyatua inaonekana haina kazi. Hata hivyo mzinga uliokwama hauzidi kuharibika ukiusubirisha, na moto huzidi.

Vikundi hivyo pia hufa na kuchoka. Ukivipeleka vyote katika chumba kimoja kinachowaka, pigo linalofuata mahali hapo litakuondolea wote.

Je, meli za kubeba ndege zinahesabiwa tofauti?

Ndiyo, kwa sababu zina shehena ya hatari ndani yake. Katika pambano la kisiwa cha Midway, Bahari ya Pasifiki, tarehe 4 Juni 1942, bomu moja lililoingia katika banda la ndege la meli ya Kijapani Akagi lilitosha kuiangamiza, kwa kuwa ndani mlikuwa na ndege zenye mafuta na silaha. Bomu lilelile likikuta banda tupu lingeacha tundu la kuzibika. Kwa hiyo katika mchezo, hali ya ndege zako wakati wa shambulio ni sehemu ya deraya yako: ziwe angani au ziwe zimeondolewa mafuta.

Meli iliyojeruhiwa, niirudishe bandarini au niiache vitani?

Inategemea ukarabati utachukua zamu ngapi na vita vitaamuliwa lini. Meli ya Marekani ya kubeba ndege Yorktown ilijeruhiwa katika Bahari ya Koralo mwezi Mei 1942, na ukarabati wake ulikadiriwa kuwa wa miezi. Mafundi wa kituo cha Marekani cha Pearl Harbor waliishughulikia kwa takriban siku tatu tu, wakarudisha yaliyo ya lazima, na ikaondoka kwenda Midway. Huo ni ukarabati wa sehemu, na mchezo wako ukiuruhusu, jifunze kuutumia: rudisha mwendo na uwezo wa kurusha ndege, acha yaliyobaki. Meli yenye mkuku uliovunjika au mwendo chini ya nusu, kwa upande mwingine, huwafunga wanaoisindikiza, na mara nyingi unapoteza meli tatu kwa kuipigania moja.

Taarifa inasema meli ya adui imeharibiwa vibaya. Niiamini?

Kwa tahadhari. Huko Midway mabaharia wa Yorktown walizima moto na kuirudisha kwenye mwendo kwa haraka kiasi kwamba marubani wa Kijapani wa wimbi la pili waliipiga wakidhani ni meli nyingine, na makamanda wao wakaamini wamezijeruhi meli mbili. Moshi mzito si dalili ya kuzama. Dalili za kuaminika zaidi ni mwendo uliopungua kwa zamu kadhaa mfululizo, kulala upande kunakoongezeka, na meli nyingine kuisogelea ili kuivuta. Ukiziona hizo tatu pamoja, hamisha mizinga yako kwa adui mwingine na uiache nyambizi ikamilishe kazi, kama nyambizi ya Kijapani I-168 ilivyofanya kwa Yorktown hiyohiyo tarehe 6 Juni.

Michezo ya zama za makombora ya kuongozwa ina kanuni zilezile?

Kazi tatu za meli ni zilezile, ila uwiano umebadilika. Meli za sasa zina deraya kidogo au hazina kabisa, na pigo moja hutosha kuitoa meli vitani bila kuizamisha. Stark ya Marekani ilipigwa na makombora mawili tarehe 17 Mei 1987, ikapoteza watu 37, lakini iliokolewa. Sheffield ya Uingereza ilipigwa na kombora moja tarehe 4 Mei 1982, bomba lake kuu la maji ya kuzimia moto likavunjika, na ikazama siku sita baadaye ikiwa inavutwa. Katika michezo hii, tumia akili yako nyingi kabla ya pigo kuliko baada yake.

Je, uharibifu hubaki baada ya pambano kuisha?

Katika michezo ya kampeni ndefu, kwa kawaida hubaki mpaka meli iingie kwenye chelezo, yaani mahali pa kukarabatia meli, na vyelezo huwa vichache. Andika pembeni viungo vilivyoharibika vya kila meli kabla hujafunga zamu, kwa sababu skrini ya kampeni mara nyingi huonyesha asilimia pekee, na asilimia 80 yenye usukani mbovu haipaswi kuwekwa mbele ya msafara.